Siku Umeme Haukukatika

Kwa miaka tisa sikumsemesha baba mkwe wangu hata neno moja. Sikumchukia, naye hakunichukia. Desturi ya Wanyakyusa wa zamani ndivyo inavyotaka: mkamwana amche mkwe wake. Ukikutana naye njiani unaingia kwenye migomba na kugeuza uso mpaka apite, na ukiwa na la kumwambia unampitishia mtu. Mimi nimezaliwa Tukuyu mjini, kwenye nyumba ya bati nyuma ya soko, na baba yangu mzazi, Mnyakyusa halisi, aliyacheka mambo hayo hadi machozi. Nilipoolewa Lufingo niliapa sitayafuata. Niliyafuata. Mama mkwe hakunigombeza hata siku moja. Siku ya kwanza nilipobaki nimesimama mlangoni pa jiko mzee akipita, aliniangalia tu, akasema, "Mwanangu, miguu ina usito leo?" Kiswahili cha wazee wa kwetu hakina haja na herufi z. Nikaona haya, nikaingia ndani.

Wenzangu wa kazi huniuliza kwa nini bado nang'ang'ania lugha ya kompyuta ambayo hapa nchini sijui kama nitampata mtu wa kuizungumzia chai ikiwa bado moto. Wanauliza kwa huruma, na huruma ya namna hiyo huniudhi kuliko tusi. Jibu langu linaanzia kwenye tangi la maziwa.

Naandika programu. Nina chumba kimoja Tukuyu, juu ya duka la pembejeo, meza moja na dirisha linaloutazama Mlima Rungwe siku chache ambazo mlima unakubali kutazamwa. Lugha yangu inaitwa OCaml. Nembo yake ni ngamia, na jambo hilo limewapa watu wa Rungwe kicheko cha bure, maana kwa mvua za huku ngamia angekufa kwa mafua ndani ya wiki moja. Ni ya lile kundi la lugha zinazojengwa kwa fanksheni. Fanksheni ni kama kinu kidogo: ukikitia mahindi yaleyale kinakutolea unga uleule, leo na keshokutwa, wala hakinyooshi mkono pembeni kugusa chungu cha jirani. Nilijifunza peke yangu kwenye kompyuta ya mtumba, mtoto akiwa bado ananyonya. Nilikuwa nimechoshwa na programu ambazo ukirekebisha hapa panabomoka kule, na hii ilinikataza kufanya ujinga kabla sijaufanya. Nikaipenda. Ninaipenda hadi leo, na anayeona ni kichekesho acheke, meno ni yake.

Chama cha wafugaji cha Lufingo kina kituo cha kukusanyia maziwa, na ndani yake lipo tangi kubwa la kupoozea. Watu wanashuka vilimani asubuhi na jioni na ndoo zao, wengine kwa miguu, wengine wamepakiwa kwenye bodaboda na keni katikati ya mapaja, na maziwa yote yanamiminwa humo kungoja lori. Msimamizi wa tangi, tangu siku lilipofungwa, ni baba mkwe wangu. Yeye ndiye hunusa kila ndoo kabla ya kuipokea. Ufunguo wa kituo anauvaa shingoni kwa uzi, hata kanisani.

Chama kiliponiomba nitengeneze kifaa cha kulinda joto la tangi, nilifurahi kupita kiasi. Nikatengeneza kisanduku cha kubandikwa ukutani: ndani kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani, nje kioo kinachoonyesha nyuzi joto kwa namba nyekundu, pembeni kengele. Joto likipanda kupita kiasi, kengele inalia hadi Lufingo nzima ijue. Kila kipimo kinaandikwa na kuhifadhiwa. Mzee alikuwa na kipima joto chake cha kioo, cha kuchovya kwenye maziwa kila baada ya saa moja na kuandika kwenye daftari. Nikamtumia salamu kupitia mama mkwe: akiweke kabatini, asihangaike tena. Hayo yalikuwa maneno yangu, wala hakuna aliyeyapotosha.

Tatizo la kisanduku lilikuwa moja tu, nami nililiona dogo. Kipima joto cha kielektroniki kililetwa pamoja na maktaba yake, yaani rundo la maagizo yaliyokwisha kuandikwa na watengenezaji, ambayo mtu wa programu huyaita yamfanyie kazi. Na maktaba hiyo ilikuwa ya C. C ni lugha kongwe kuliko mimi, na ukikichimba kifaa chochote duniani utaikuta moyoni mwake. Ina nguvu, ina haraka, haina adabu. Ukiipa anwani ya mahali katika kumbukumbu ya kompyuta na kuiambia iandike hapo, itaandika hapo, hata kama wenyewe wamekwisha kuhama.

Lugha yangu na C hazisemeshani hivihivi. Unaandika kipande cha katikati, kinachopokea maneno upande huu na kuyafikisha upande ule. Mimi kipande hicho nilikiita mshenga. Kilikuwa cha mistari arobaini, nilikiandika alasiri moja huku nikila parachichi, nikakijaribu, kikafanya kazi, nikarudi kwenye sehemu nilizozipenda. Sikurudi tena kukitazama. Nani anamtazama mshenga siku ya harusi?

Kisanduku kikakaa ukutani miezi mitano, sawasawa kabisa. Nikatembea Tukuyu kidevu juu.

Kisha ikaja Jumanne moja yenye jua. Jioni, nikiwa jikoni nachambua maharage, mama mkwe akarudi kutoka kituoni alikopeleka ndoo yetu. Akasema, "Baba yako anasema kisanduku kimetulia."

"Kimetulia vipi?"

"Kimetulia tu. Namba nsuri."

Nikafurahi. Mzee si mtu wa kusifu, na mimi kwa miaka tisa nilikuwa nimesubiri anisifu kwa lolote, hata kwa ndizi zangu. Nikaongeza chumvi kwenye maharage nikiimba.

Asubuhi lori likaja. Msichana wa kupima akachota maziwa kidogo, akachanganya na spiriti kama afanyavyo kila siku, na kwenye kichupa chake yakaganda. Akarudia. Yakaganda tena. Dereva akatikisa kichwa, akafunga mlango wa lori, akaondoka mtupu. Tangi lote likamwagwa kwenye mfereji unaoshukia migombani. Nilifika na bodaboda kutoka nyumbani wakiwa bado wanamwaga. Walikuwepo watu kama thelathini. Mjane mmoja mwenye ng'ombe mmoja alikuwa ameshika ndoo yake kwa mikono miwili kama vile bado imejaa. Baba mkwe alisimama pembeni ya tangi, kofia mkononi. Niligeuza uso kama desturi inavyotaka, na kwa mara ya kwanza nikashukuru kwamba ipo, maana sikutaka kumwona.

Katibu wa chama akafungua kumbukumbu za kisanduku. Ni mwanamume wa makamo, ana suti moja na maneno mengi. Akasoma mbele ya watu: nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi nne, tangu Jumanne mchana hadi alfajiri. Tangi lilikuwa baridi muda wote. Basi maziwa yaliingia yameshaharibika, na kazi ya kunusa kila ndoo ni ya nani?

Kila mtu akamtazama mzee.

"Sikusinsia," alisema baba mkwe. "Nilinusa kila ndoo."

"Mzee wetu, pua nayo inazeeka," katibu akasema, kwa sauti ya upole iliyoniudhi kuliko makelele. Mkutano ukaitishwa Jumapili baada ya ibada, kuamua kama mzee apumzishwe.

Alhamisi katibu akanifuata Tukuyu. Alipanda ngazi akihema, akaketi kwenye kiti changu cha pekee, akautazama ukuta wangu wenye picha ya ngamia. "Dada, huyu mnyama wako hapa si kwao," akasema, tukacheka wote wawili. Kisha akashusha sauti. Hakuna aliyekilaumu kisanduku, akasema. Namba zake ndizo ushahidi. Nikifika Jumapili nikathibitisha kwamba kisanduku hakikosei, jambo litaisha bila ugomvi, mzee atapumzika kwa heshima, na chama kitanipa vituo vya Kisondela na Kinyala niviwekee visanduku kama hicho.

Ningependa kuandika kwamba nilimfukuza. Sikumfukuza. Nilimwambia, "Programu yangu haikosei." Niliyasema hayo nikimtazama machoni, na niliyaamini. Kisondela na Kinyala nilikuwa nimezitamani tangu mwezi wa pili. Akashuka ngazi akipiga mluzi, nami nikabaki nakiangalia kiti.

Jioni nilipofika nyumbani nilikuta ufunguo wa kituo mezani, na uzi wake. Miaka tisa sikuwahi kuuona ufunguo ule nje ya shingo ya mzee. Mama mkwe alisema ameuvua mwenyewe, hataki uje kuvuliwa na mtu mbele za watu. Hakuwa amekula tangu Jumatano. Mama alisema hayo huku akifunga kanga, kwa kuwa kulikuwa na msiba Kisondela na alikuwa anaondoka kwenda kulala huko hadi Jumapili asubuhi.

"Mama, alisema nini hasa siku ile? Jumanne?"

"Nimekuambia. Kimetulia."

"Maneno yake mwenyewe."

"Mwanangu, mimi sibebi maneno ya mtu kama yalivyo, yana miiba. Nayamenya kwansa." Akanishika bega, akaenda zake.

Mama mkwe wangu ni mtu mwema kuliko watu wote ninaowajua, na kwa miaka tisa alikuwa amenimenyea kila neno. Sikujua ni mangapi yalikuwa na miiba. Mume wangu alikuwa Mbeya kazini, hangerudi kabla ya Jumapili. Watoto wetu walikuwa wadogo mno kubeba ujumbe wa namna hii. Hapakuwa na mtu wa kupitia.

Ijumaa asubuhi nikaenda kituoni kwa miguu. Nilimkuta mzee anafagia, bila ufunguo shingoni, kwa sababu kufagia hakuhitaji cheo. Aliponiona akageuka ukutani. Nami nikageuka, mgongo wangu kwake, uso kwenye kisanduku. Huku mjini watu wanadhani desturi ni jambo la kuamua, leo naacha. Jaribuni. Ulimi wenyewe unakataa.

Basi nikasema na kisanduku.

"Kisanduku," nikasema kwa salamu ya Kinyakyusa, "mugonile."

Ufagio ukasimama. Nikadhani ataondoka. Kisha nyuma yangu nikasikia sauti ambayo miaka yote nilikuwa nimeisikia ikisemesha wengine.

"Tangi," ilisema, ikishukuru na kurudisha salamu, "liambie hilo sanduku: ndaga. Mugonile."

"Kisanduku, nataka kujua siku ya Jumanne uliona nini. Usinimenyee. Nataka na maganda."

Mzee alivuta pumzi. Aliliambia tangi kila kitu, polepole, na katika kusema hakuongeza wala kupunguza. Kila jioni, alisema, maziwa ya moto kutoka kwa ng'ombe yanapomiminwa, ile namba nyekundu hutikisika. Hupanda moja, hupanda mbili, kisha tangi linashinda na namba inarudi. Yeye alikuwa akiitazama kila siku, kwa sababu aliambiwa aweke kipima joto chake kabatini lakini hakuambiwa aweke macho kabatini. Jumanne jioni watu walimimina ndoo zao zote, na namba haikutikisika. Nne kabla, nne baadaye. "Nikamwambia mwenye nyumba yangu: mwambie mkamwana kile kitu chake kimekufa macho wasi. Asidhani kimetulia. Mtu aliyekufa pia ametulia."

Hayo ndiyo maneno yaliyomenywa yakanifikia jikoni kama sifa, na mzee, akijua nimeshaambiwa, Jumatano hakuyarudia mbele za watu. Niliegemea ukuta. Kama yangefika na miiba yake ningekimbia kituoni, na maziwa ya watu thelathini yasingemwagwa. Lakini sikuweza kumkasirikia mama. Nani alimweka mzee mbali na kipima joto chake?

"Kisanduku," nikasema, "siku hiyo kulikuwa na kitu kingine tofauti?"

"Tangi, liambie ndiyo. Jumanne umeme haukukatika."

Ningecheka kama ningeweza. Watu wa Rungwe wataelewa mara moja, wengine niwaeleze. Kwetu umeme hukatika kila siku, mara kadhaa mchana na usiku, mvua ikinyesha kwa sababu ya mvua, jua likiwaka kwa sababu nyingine. Tangi lina jenereta, lakini kisanduku kilizimika na kuwaka upya kila umeme ulipoondoka. Na Tukuyu nilikokijaribu hali ni hiyohiyo. Katika miezi yote ya kukitengeneza na kukijaribu, na miezi mitano ya ukutani, kisanduku changu hakikuwahi kukaa macho saa nane mfululizo. Mtu wa nchi yenye umeme angelikuta kosa langu siku ya kwanza. Kwangu lilifichwa na giza letu wenyewe.

Nilipanda bodaboda hadi Tukuyu nikiwa nimekwisha kulijua. Unakwenda ukijua, kama unavyojua sufuria inaungua kabla hujafika jikoni. Lugha yangu ina mfagiaji. Kila kumbukumbu inapojaa, mfagiaji anapita, anatupa visivyotumika, na vinavyotumika anavihamisha mahali pengine ili papatikane nafasi. Fanksheni zangu hazipati shida, kwa kuwa mfagiaji huziambia kila kitu kimehamia wapi. C haiambiwi. Mshenga wangu alikuwa ameipa C anwani ya kibakuli kilichokuwa ndani ya ua wangu, akasema, weka joto humu. C ikaishika anwani ile daima. Kwa kasi ndogo ya kisanduku, kumbukumbu ilichukua karibu saa nane kujaa. Mfagiaji akapita, akakihamisha kibakuli. C ikaendelea kumwaga vipimo vyake pale pa zamani, na programu yangu ikaendelea kusoma kibakuli kilichobaki na nne ya mchana.

Sikuwa na haja ya kungoja hizo saa nane. Nikaunganisha kipima joto cha akiba kwenye kompyuta ya mezani, nikamwita mfagiaji kwa amri, nikakichovya kipima joto kwenye kikombe cha chai inayotoa moshi. Kioo kilisoma nyuzi kumi na tisa. Nikaongeza chai. Kumi na tisa. Mvua ikaanza kupiga bati, nami nikakaa nikiangalia uwongo ule mtulivu ambao siku moja kabla nilikuwa nimeuapia mbele ya katibu.

Nililia kidogo, nitasema kweli. Nililia kwa aibu, kisha kwa hasira, na hasira ndiyo iliyonifaa zaidi. Kurekebisha kulichukua saa moja. Nikakijenga kibakuli nje ya ua, mahali ambapo mfagiaji hafiki, C ikaandika huko, na mshenga akafundishwa kwenda kuchota nakala kila mara na kuileta ndani. Nikamwita mfagiaji mara mia. Chai ikapanda, maji baridi yakashuka, namba ikatikisika kama inavyopaswa.

Jumamosi nikamwita fundi wa majokofu akafungue mgongo wa tangi. Feni ya kompresa ilikuwa imenyonya majani makavu ya mgomba hadi ikakabwa. Siku ya jua kama ile, mashine ilikuwa imepata moto, ikajizima, ikapoa, ikajiwasha yenyewe alfajiri. Ndiyo maana asubuhi kila kitu kilionekana kizima.

Jumapili nilivaa gauni langu la kitenge na kwenda. Watu walikaa kwenye mabenchi ya kituo, wazee mbele, baba mkwe pembeni. Mama mkwe alikuwa amerudi moja kwa moja kutoka msibani, vumbi miguuni. Katibu alisoma namba zake tena, nne nne nne, kisha akanyoosha mkono upande wangu na tabasamu. "Mtaalamu wetu atuthibitishie."

Nikasimama. Nikaenda hadi mbele, nikawageuzia mgongo wote, uso kwenye tangi. Minong'ono ikapita kwenye mabenchi.

"Mkamwana anasungumsa mbele ya mkwe?" mzee mmoja akauliza.

"Nazungumza na tangi," nikasema. "Anayetaka kusikia asikie."

Nikaliambia tangi kwamba kisanduku kilisema uwongo tangu Jumanne alasiri. Kwamba kosa halikuwa la kipima joto, wala la umeme, wala la pua ya mtu. Kosa lilikuwa langu, katika mistari arobaini niliyoiandika nikila parachichi. Kwamba mtu mmoja tu aliliona, akalisema siku ileile, na mtu huyo ndiye mnayetaka apumzike. Kwamba mimi ndiye niliyemwambia aweke kipima joto chake kabatini, na kama kuna wa kupumzishwa, tuanze na mimi. Na kwamba Alhamisi nilisema programu yangu haikosei, na nililisema hilo nikiwa na tamaa ya Kisondela na Kinyala.

Nilisikia kiti kikisogezwa. Katibu hakuwa mtu wa kukaa chini muda mrefu. "Basi tatizo limejulikana," akasema. "Ni hiyo lugha ya ngamia. Tutafute mtu atuandikie kwa lugha wanayotumia watu."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata kazi. Sikuligeukia benchi. Nilizidi kulitazama tangi, lakini nilipaza sauti hadi likavuma.

"La! Kosa nimelikubali, lugha siiachi. Maelfu ya mistari ya ngamia yalifanya kile yalichoambiwa, miezi yote. Palipovunjika ni mpakani, mimi nilipokabidhi kitu bila kuuliza kitashikwa vipi. Mshenga akikosea maneno hamvunji ndoa! Mnamrudisha, mnamfundisha. Mkitaka kisanduku king'olewe, king'oeni leo, ni haki yenu, maziwa yalikuwa yenu. Ila msiniambie nililolipenda ni takataka kwa sababu nililishughulikia kwa uvivu mahali pamoja. Nitaendelea nalo hapa hapa Rungwe, kwenye mvua hii, hata kama nitabaki peke yangu."

Yule mjane wa ng'ombe mmoja akaanza kucheka, akasema, "Huyu ana ulimi. Mwacheni na mnyama wake." Na watu wengine wakacheka, si kwa ubaya wote.

Waliamua hivi. Mzee abaki na ufunguo. Kisanduku kibaki kwa majaribio, na kando yake kipima joto cha kioo kirudi kazini, na daftari, mpaka ipite siku nzima ambayo umeme haukukatika. Vituo vya Kisondela na Kinyala nisivitaje tena. Sikuvitaja. Na mimi niliyasimamia majukumu yangu kwa kupeleka ndoo ya maziwa yetu kwa mjane yule kila asubuhi, bila kuambiwa na mtu, hadi alipoikataa mwenyewe kwa kuniambia nimezidi.

Tukaanza kungoja siku ya umeme. Wiki ya kwanza ulikatika kila siku. Wiki ya pili pia. Sijawahi katika maisha yangu kuuchukia umeme unaokatika kama nilivyouchukia wakati ule. Wiki ya tatu, siku moja ya ukungu, taa ya jikoni iliwaka asubuhi na ikabaki inawaka. Saa sita bado inawaka. Saa tisa. Sikwenda Tukuyu. Nilikaa jikoni nikimenya ndizi ambazo hakuna aliyezihitaji, nikitazama taa. Jioni watu wakapita na ndoo zao kuelekea kituoni, na mama mkwe akaenda na yetu.

Alirudi jua likizama. Aliweka ndoo tupu chini, akasimama mbele yangu wima, mikono kando, kama mtoto anayesoma mistari ya Biblia mbele ya kanisa.

"Nimeambiwa nisimenye," akasema. "Baba yako amesema hivi. 'Mwambie imetikisika. Ilipanda mbili ikarudi, na kioo changu kinasema hivyohivyo. Mwambie alinifanya nivue ufunguo wangu, na hilo sijamsamehe bado. Mwambie kipima joto changu sikirudishi kabatini tena, hata aseme nini. Na mwambie kesho nikipita asigeukie migombani, aligeukie sanduku lake, tuna masungumso.'"

Alimaliza, akafuta jasho usoni kwa kanga. Ilikuwa kazi ngumu kwake kuliko kubeba ndoo.

"Mpelekee vilevile," nikasema. "Mwambie yote nimeyasikia, na miiba. Mwambie asinisamehe haraka. Na mwambie nitakuja."

Akafungua mdomo kana kwamba angependa kuongeza neno la kulainisha. Akaufunga. Akachukua tochi, akarudi njia ileile ya kituoni, midomo ikicheza, akiyarudia maneno yangu moja moja ili lisimponyoke hata moja.